Kompyuta ya Mezani Ikigoma Kuwaka, Anzia Ukutani

Msimu wa kahawa ukishafunguliwa Kyerwa, kompyuta ya chama cha msingi haina ruhusa ya kuugua. Wakulima wamepima mzigo, stakabadhi zimeandikwa, wengine wameacha shamba asubuhi kuja kuulizia malipo, na karani amekaa anabonyeza kitufe bila hata taa moja kuitika. Pale Rubwera, makao makuu ya wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, mashine za aina hiyo haziko kwenye ushirika tu. Ziko kwenye steshenari zinazojaza maombi ya mikopo ya wanafunzi, kwenye zahanati, kwenye ofisi za kata na kwenye maabara za kompyuta za sekondari. Nyingi zilishatumika ng'ambo kabla ya kufika huku: Dell OptiPlex, HP Compaq, Lenovo ThinkCentre. Zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi, zikafanywa rahisi kufunguka na kubadilishwa vipuri, kwa hiyo inafaa kuzichunguza kabla ya kuzikatia tamaa.

Kinachotokea mara nyingi ni hiki: mwenye mashine anaifunga nyuma ya bodaboda, anaipeleka Omurushaka au Kayanga, anaambiwa "madabodi imekufa", anarudi na kasha lilelile na mfuko mwepesi. Huenda ni kweli imekufa. Lakini hukumu hiyo hutolewa haraka mno, na mara nyingi tatizo huwa nje ya kasha kabisa au kwenye kipande cha bei ndogo kilichomo ndani. Mpangilio unaofuata unaanza kwenye soketi ya ukutani na kuingia ndani taratibu. Sharti lake ni moja: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika kilichotokea, ndipo uende kwenye kingine. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo na mashine ikawaka, hutajua ulichokitengeneza, na ikirudia kugoma wiki ijayo utaanza upya.

Kabla ya kushika bisibisi, tazama inagoma kwa namna gani. Ipo mashine ambayo haitoi dalili yoyote, haina taa wala feni. Ipo inayozungusha feni lakini kioo kinabaki cheusi. Na ipo inayoonyesha maandishi kwenye kioo, kisha inakwama kabla ya Windows kufunguka. Hizo ni shida tatu tofauti, na dawa ya moja haisaidii nyingine. Kumpigia Windows upya mgonjwa asiye na umeme ni kupoteza siku.

Umeme kwanza

Kwa miaka mingi Kagera ilikuwa ikipata umeme kutoka Uganda, kwa njia inayotoka Masaka hadi kituo cha Kyaka. Hata leo pale Murongo, mpakani, mitambo ya maji ya Kikagati kwenye Mto Kagera inagawa umeme wake kati ya nchi hizi mbili. Mtu wa Rubwera hahitaji kuelezwa maana ya kuwa pembezoni mwa nyaya ndefu. Umeme hupungua jioni, hukatika mvua ikikaribia, na ukirudi huweza kurudi kwa kishindo. Kompyuta inaumia zaidi kwenye sekunde hizo za kurudi kuliko kwenye saa nzima za giza.

Kwa hiyo uchunguzi wa kwanza haugusi kompyuta. Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ileile, si ya jirani yake. Angalia kama LUKU ina uniti na kama breka ya chumba hicho haijashuka. Kisha ondoa ekstensheni na UPS, uchomeke kompyuta moja kwa moja ukutani. Hatua hii huokoa watu wengi kuliko wanavyodhani, kwa sababu betri ya UPS ya kawaida huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, na baadhi ya UPS zenye betri iliyokufa hukataa kupitisha umeme hata kama ukutani upo. Ekstensheni za bei rahisi nazo hulegea ndani. Ukiitikisa na taa ikapepesa, itupe.

Waya wa umeme wa kompyuta, ule wenye kichwa cha matundu matatu, unafanana na wa monita. Badilishana. Kama monita inawaka kwa waya wake na haiwaki kwa waya wa kompyuta, umeshapata jibu na hujalipa mtu.

Sasa geuza kasha utazame nyuma, pale waya unapoingia. Pawa saplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu ya kuchagua volti, imeandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imewekwa kwenye 115, na ukiichomeka huku hivyo hivyo utasikia mlipuko mdogo na kunusa harufu ya kuungua. Iwe ni mashine iliyonunuliwa mnadani au iliyotolewa msaada, swichi hiyo itazamwe kabla ya kitu kingine chochote. Kama haina swichi, soma lebo. Ikiandikwa 100–240 inajirekebisha yenyewe na huvumilia umeme mdogo vizuri. Ikiandikwa 200–240, ujue umeme ukishuka chini ya 200 itaanza kuyumba, na jioni inaweza kukataa kuwaka huku asubuhi inawaka bila shida. Mashine inayogoma kwa saa maalumu za siku inalalamikia umeme. Mpe fundi umeme mita apime soketi saa hizohizo.

Kwenye steshenari kuna mtego wake. Mashine kubwa ya kutoa nakala, na printa ya leza pia, huvuta umeme mwingi kwa sekunde chache inapopasha moto roli yake. Ikiwa imo kwenye ekstensheni moja na kompyuta, kompyuta hujizima au kujiwasha upya kila nakala ya kwanza inapotoka. Zitenganishe soketi, ikiwezekana hata nyaya. Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS hata siku moja.

Halafu kuna ile "shoti ndogo": unagusa kasha la chuma na vidole vinawashwa. Watu huizoea, na hawapaswi. Maana yake ni kwamba soketi haina ethi inayofanya kazi. Ndani ya pawa saplai kuna kichujio kinachopeleka mabaki ya umeme kwenye waya wa ethi. Waya huo ukiwa haufiki ardhini, mabaki hayo hubaki kwenye kasha. Ni mkondo mdogo, lakini huo huo unaweza kuharibu soketi ya USB au ya monita wakati wa kuchomeka, na siku kukitokea hitilafu kubwa ndani ya kasha hakutakuwa na cha kumkinga mtu. Kufukia fimbo ya ethi na kuiunganisha ipasavyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Usiwaache watu wakate pini ya tatu ya plagi ili iingie kwenye soketi ya matundu mawili.

Radi nayo ina njia zake. Nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria hupata ngurumo nyingi sana kwa mwaka, na misimu miwili ya mvua ya Kagera huja na radi zake. Kuzima kwenye swichi hakutoshi. Chomoa plagi, na pia chomoa waya wa mtandao. Kompyuta nyingi hupigwa kupitia waya wa intaneti uliotoka kwenye antena ya juu ya paa huku mwenyewe akijisifu kwamba alizima umeme. Na umeme ukikatika wakati wa kazi, chomoa, subiri urudi na utulie dakika kadhaa, ndipo uchomeke.

Kwa wanaotumia umeme wa jua, na Karagwe ilikuwa na kituo cha KARADEA cha kufundisha mafundi wa sola tangu miaka ya 1990, angalia inveta. Zile za bei ya chini hutoa umeme wenye mawimbi yaliyokatwakatwa, na baadhi ya pawa saplai hazielewani nao: hulia, hupata moto au hukataa kuwaka. Jaribu mashine hiyohiyo kwenye umeme wa TANESCO kabla ya kuihukumu.

Hakuna taa wala feni

Ukutani pako sawa, waya ni mzima, na bado kimya. Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza na kushikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliosalia ndani uishe. Rudisha waya, jaribu. Baada ya umeme kurudi kwa kishindo, pawa saplai nyingi hujifunga zenyewe kwa kujilinda, na hatua hii huzifungua. Inaonekana ya kipuuzi na inafanya kazi.

Bado? Angalia nyuma kwenye soketi ya mtandao, au ndani kwenye madabodi, kama kuna kataa kadogo kanachowaka mashine ikiwa imechomekwa lakini haijawashwa. Pawa saplai ya kompyuta hutoa volti 5 za akiba muda wote ikiwa kwenye umeme. Kataa kakiwaka, sehemu hiyo ya pawa saplai iko hai, na mshukiwa wa kwanza anakuwa kitufe cha mbele, ambacho huchakaa. Nyaya zake mbili huingia kwenye pini za madabodi zilizoandikwa kitu kama PWR. Zichomoe, gusisha pini hizo mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Mashine ikiwaka, kitufe kimekufa, na hata kitufe cha kengele ya mlango kinaweza kushika nafasi yake.

Baadhi ya Dell OptiPlex zina kitufe kidogo cha kupimia nyuma, kwenye pawa saplai yenyewe, pamoja na taa. Ukibonyeza na taa ikawaka kijani, pawa saplai imejipima na kujiona nzima. Isipowaka hata baada ya kuichomoa kutoka kwenye madabodi, imekufa. Ni kipimo kizuri na wengi wenye mashine hizo hawajui kwamba wanacho.

Kwa mashine nyingine kuna kipimo cha waya. Pawa saplai huchomolewa kutoka kwenye kila kitu, ikaachiwa feni moja au diski ya zamani kama mzigo, kisha kwenye kile kichwa kikubwa cha pini 20 au 24 waya wa kijani huunganishwa na mweusi wowote kwa kipande cha waya. Ikiwa nzima, feni yake huzunguka. Ndipo unapopima kwa mita: waya wa njano unapaswa kutoa volti 12, mwekundu 5, wa chungwa 3.3, wa zambarau 5. Kukengeuka kwa asilimia tano juu au chini kunakubalika, kwa hiyo njano ikisoma 11.2 hiyo pawa saplai imechoka hata kama inazungusha feni. Kama hujawahi kushika mita, mwachie fundi hatua hii, lakini mwambie aifanye mbele yako.

Tahadhari mbili hapa, na ni nzito. Usiifungue pawa saplai yenyewe. Kapasita zake kubwa huhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa, na zimeshawatupa mafundi wenye uzoefu. Ya pili ni kuhusu kununua mbadala: vichwa vya waya havifanani kwa kampuni zote. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zinatumia kichwa cha pini 8, na HP EliteDesk 800 ya kizazi cha kwanza inatumia cha pini 6. Pawa saplai ya kawaida ya dukani haiingii humo bila kiunganishi maalumu. Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 ni hatari zaidi kwa sababu kichwa kinafanana na cha kawaida lakini nyaya zimepangwa kivingine, na kuchanganya huko huua madabodi papo hapo. Ukienda Bukoba, Mwanza au kuvuka Mutukula kutafuta kipuri, nenda na kile cha zamani mkononi au picha safi ya lebo yake na vichwa vyake vyote.

Ikiwa mashine inashtuka, feni inazunguka nukta moja kisha inazima, pawa saplai inakataa kulisha kitu chenye shoti. Chomoa diski, kisomea CD, kadi zote na USB zote, moja baada ya nyingine, hadi ukipate. Hapo ndipo utakapowaona wageni wa kasha pia. Mende hupenda joto la pawa saplai, mijusi huingia kwenye matundu ya kadi yaliyoachwa wazi, na skrubu iliyodondoka miaka mitatu iliyopita bado iko chini ya madabodi.

Feni zinazunguka, kioo ni cheusi

Anza na monita, kwa sababu ndiyo inayosingiziwa kidogo na kukosea mara nyingi. Taa yake ikiwa ya chungwa, ina umeme ila haipati picha. Kaza kebo ya VGA kwa skrubu zake pande zote mbili na utazame kama kuna pini iliyopinda. Kama mashine ina kadi ya picha ya ziada, kuna soketi mbili za monita nyuma; kebo iingie kwenye ile ya kadi, iliyo chini, kwa kuwa ya madabodi mara nyingi hujifunga kadi ikiwepo. Jaribu monita nyingine, au chomeka hiyo kwenye laptopu ya mtu.

Kisha ramu. Kama ningelazimika kuchagua hatua moja tu kwa mashine za zamani za Kyerwa, ningechagua hii. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la barabara huingia kila mahali, wakati wa mvua unyevu huligandisha, na pini za ramu hushika ukungu usioonekana kwa macho. Tena mashine nyingi zimekuja kutoka Dar es Salaam zikiwa chini ya basi, zaidi ya kilomita 1,000 za kurushwarushwa. Ile iliyowaka vizuri dukani Kariakoo ikagoma Rubwera, mara nyingi imelegea tu.

Chomoa umeme, gusa chuma cha kasha kwa mkono mtupu ili umeme tuli ulio mwilini uondoke, kisha fungua vishikio vya pembeni vya ramu. Sugua pini zake za dhahabu kwa ufutio wa penseli, polepole, pande zote mbili, ufute mabaki kwa kitambaa kikavu. Pangusa nafasi yake kwa brashi laini ya rangi. Irudishe kwa kuibana hadi vishikio vifunge vyenyewe. Kama ziko mbili au nne, jaribu na moja peke yake, kwenye nafasi ya kwanza, halafu nyingine. Ramu ya DDR2 haiingii pa DDR3. Mkato wa katikati haukai mahali pamoja, na anayelazimisha huvunja nafasi.

Ukiwa umeifungua, kaza pia kile kichwa kidogo cha nyaya nne karibu na prosesa, nyaya mbili njano na mbili nyeusi. Kikiwa kimelegea, feni zote huzunguka na hakuna kinachotokea, na fundi mwenye haraka huapa kwamba prosesa imeungua. Bonyeza kila pembe ya feni ya prosesa pia. Kwenye mashine za Intel zenye vifungo vya plastiki, kimoja kikichomoka njiani, kipozea joto hunyanyuka upande mmoja na mashine hujizima baada ya dakika chache, au sekunde. Dawa ya kupitisha joto iliyokauka ikawa kama chokaa hufanya vivyo hivyo. Futa yote, paka mpya kiasi cha punje ya harage dogo.

Mashine zenyewe huwa zinasema, tatizo hatuzisikilizi. HP Compaq nyingi za ofisi hupepesa taa nyekundu kwenye kitufe na kulia kwa idadi, zikitulia sekunde mbili kabla ya kurudia. Mara mbili ni joto kupita kiasi. Mara tatu, prosesa haipo au haijakaa. Mara nne ni umeme, aghalabu pawa saplai. Mara tano ni ramu. Mara sita ni kadi ya picha, na mara saba ni madabodi. Milio hukoma baada ya mizunguko mitano lakini taa huendelea, kwa hiyo hesabu taa. Baadhi ya OptiPlex zina taa nne zenye namba 1 hadi 4. Piga picha mpangilio wake na umpelekee fundi, kila muundo una maana yake kwenye kitabu cha modeli. Ukiona kitufe cha Dell kinapepesa chungwa, rudi kwenye pawa saplai na kwenye vilivyochomekwa. Na kama mashine hailii kabisa, hakikisha kwanza ina spika ya ndani, maana nyingine ziliuzwa bila.

Sasa ndipo tunaweza kuitazama madabodi. Tafuta kapasita, vikopo vidogo vilivyosimama kuzunguka prosesa. Juu yake kunapaswa kuwa bapa. Kikiwa kimevimba, kimepasuka au kimetoa uji wa kahawia, ndicho mgonjwa. Hili lina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dunia nzima ilikumbwa na kapasita mbovu, na Dell OptiPlex GX270 na GX280 zikawa maarufu kwa ubaya: mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya matengenezo ya mashine hizo. Ukipewa GX270 au GX280 kama zawadi, pokea kwa adabu na uifungue kabla ya kuahidi chochote. Fundi anayejua kuchomelea anaweza kubadilisha kapasita hizo, ilimradi aweke zenye volti ileile au zaidi, ujazo uleule, na za aina ya kuhimili joto la nyuzi 105.

Betri ndogo yenye usumbufu mkubwa

Kwenye madabodi kuna betri bapa ya CR2032, ya volti 3, saizi ya sarafu. Kazi yake ni kulinda saa na mipangilio mashine ikiwa haina umeme. Mahali ambapo plagi huchomolewa kila jioni betri hiyo huisha mapema, kwa sababu ndiyo peke yake inayolinda saa usiku kucha. Ikisoma chini ya 2.7 kwenye mita, badilisha.

Ikifa, mashine huomba ubonyeze F1 kila asubuhi na tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Kwenye steshenari hilo huleta mkanganyiko wa ajabu: intaneti ipo, lakini tovuti ya Bodi ya Mikopo au ya benki inakataa kufunguka na kutoa onyo la usalama. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe, na kompyuta inayoamini kwamba tuko mwaka 2009 haiwezi kuvikubali. Watu humlaumu mtoa huduma wa mtandao na kununua bando jingine.

Kuna athari iliyojificha zaidi. Mipangilio ikifutika, namna mashine inavyozungumza na diski inaweza kubadilika, na Windows ikaanguka kwenye kioo cha bluu chenye namba 0x0000007B. Mafundi wengi hapo hukimbilia kupiga Windows upya, na kumbukumbu zikapotea bure. Weka betri mpya, ingia kwenye mipangilio kwa F2 au F10 kutegemea kampuni, tafuta sehemu ya SATA, na ujaribu kubadilisha kati ya AHCI, IDE na RAID. Mojawapo ndiyo iliyokuwepo, na Windows itafunguka kama kawaida.

Kwa upande mwingine, kuitoa betri hiyo makusudi kwa dakika tano, mashine ikiwa imechomolewa, husaidia pale ambapo mipangilio imevurugika baada ya radi. Ijaribu kabla ya kusema madabodi imekwisha.

Inaonyesha maandishi kisha inakwama

"Operating system not found", "No boot device", au "1962" kwenye Lenovo: maneno tofauti, malalamiko ni kwamba mashine haioni diski yenye mfumo. Kwanza chomoa flashi zote. Flashi iliyosahaulika nyuma ya kasha ni sababu ya kawaida kabisa. Kisha fungua, chomoa na kurudisha kebo ya SATA na ya umeme ya diski, na kama una kebo nyingine ijaribu; ni kipuri rahisi na huharibika.

Weka sikio. Diski inayozunguka kwa mvumo laini ina matumaini. Inayogonga tik, tik, tik kwa mpigo inakufa, na kila unapoiwasha unaisogeza karibu na kaburi. Zima, na uamue kama kilichomo kina thamani ya kumlipa mtu anayeokoa data. Hesabu za wakulima za msimu mzima au rejesta za zahanati zina thamani hiyo.

Kama inazunguka vizuri ila Windows haifunguki, usikubali kitu chochote kinachoanza na kufomati. Tengeneza flashi ya Linux, kwa mfano Linux Mint au Lubuntu, kwenye kompyuta ya rafiki, washa mashine kwa flashi hiyo bila kusakinisha chochote, fungua diski na unakili mafaili kwenye flashi nyingine. Ukishamaliza hapo, fundi na apige anachotaka. Kwa kuwa msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025 na mashine nyingi za umri huu hazikidhi masharti rasmi ya Windows 11, kuiacha Linux humo moja kwa moja si wazo baya kwa ofisi inayoandika barua na kutumia kivinjari.

Kabla mashine haijapanda bodaboda kwenda kwa fundi, itoe diski ubaki nayo, isipokuwa tatizo ni la diski yenyewe. Skrubu nne tu, au kishikio cha kubana kwenye Dell na HP nyingi. Steshenari hubeba nakala za vitambulisho vya NIDA na vyeti vya nusu ya wilaya, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, inamtambua anayezihifadhi kuwa na wajibu juu yake. Fundi hahitaji diski yako kupima pawa saplai wala ramu. Mwandikie modeli, dalili, na ulichokwisha kujaribu. Fundi mzuri hufurahi, na yule mwingine ataona kwamba hana wa kumdanganya. Mwombe akurudishie kipuri alichokitoa.

Ikithibitika kwamba madabodi imekwenda kweli, linganisha gharama na mashine nyingine ya aina ileile iliyotumika. Mara nyingi ya pili hushinda, na ya kwanza inakuwa ghala la vipuri: ramu, feni, kebo, diski, hata skrubu. Shule yenye mashine kumi za modeli moja inaweza kuendesha nane kwa miaka kwa kuzichangia mbili. Bandika karatasi kwenye kila kipuri, uandike kimetoka kwenye modeli ipi na kama kilikuwa kinafanya kazi. Madabodi iliyoungua na pawa saplai iliyolipuka zisitupwe kwenye shimo la takataka wala nyaya zisichomwe ili kupata shaba, kwa kuwa risasi iliyo kwenye lehemu na moshi wa plastiki huishia kwenye udongo ule ule wa migomba na kwenye vifua vya watoto wanaookota. Weka kwenye boksi kavu, na ulipeleke kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali siku utakapopata gari la kwenda Bukoba au Mwanza.